Mdhamini wa Pasi

Leo nimeadhirika, jamani. Nimeadhirika mchana kweupe, dukani, mbele ya watu ninaowafulia nguo. Naandika haya nikiwa nimesimama, maana kila nikikaa yananirudia.

Kwa wasionijua: mimi ni Shabani, dobi wa Chemchem, hapa Tabora mjini. Nafua, nanyoosha, napeleka kwa baiskeli. Kanzu ndiyo kazi yangu kubwa, na Alhamisi ndiyo siku yangu ngumu, kwa sababu kesho yake ni Ijumaa na kila mwenye kanzu anaitaka kabla ya magharibi.

Jambo la pili mlijue mapema, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini niliogopa hivyo. Mwezi uliopita mjomba wangu alipeleka barua ya posa kwa Mzee Mrisho, kuniposea binti yake Zuhura. Barua ilipokelewa vizuri. Tukaambiwa jibu litatoka Ijumaa hii, yaani kesho, baada ya wao kunichunguza. Kunichunguza maana yake ni kuuliza watu: huyu kijana anaswali? Ana ugomvi? Anarudi nyumbani saa ngapi? Mwezi mzima nimeishi kwa adabu ambayo hata mimi sikujua ninayo. (Kuna jirani nilikuwa sisemi naye miaka miwili. Nimemfulia mapazia bure.)

Sasa, huyo Mzee Mrisho ni karani wa mahakama mstaafu. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia kuandika kile ambacho wengine walisema vibaya. Kiswahili chake kimenyooka kuliko kanzu zangu. Siku ya kwanza kwenda kujitambulisha nilimwambia, "Mzee, wala usipaniki, nyumba ya kuishi nimeshapata."

Akanikatiza hapo hapo. "Kupaniki ndiyo nini?"

"Ni kuwa na wasiwasi, mzee."

"Kumbe neno lipo. Sasa kwa nini unakwenda kuokota jingine?"

Tangu siku hiyo nikizungumza naye nachambua maneno kama mchele. Huko kuchambua ndiko kulikoniponza leo.

Nina pasi ya mvuke. Sio hizi ndogo za nyumbani, ni ile yenye tangi lake pembeni na mpira unaopeleka mvuke. Niliinunua mwaka jana kwa Bwana Nassoro, mwenye duka la vifaa vya umeme huku mjini, muungwana ambaye wazee wake walikuwa na duka palepale. Alinipa kadi ya waranti ya miezi kumi na miwili. Miezi kumi na miwili imetimia Jumatatu. Jana Jumatano, mchana, pasi ikakohoa mara moja, ikatoa tone la maji, ikanyamaza.

Siku mbili. Yaani ile pasi ilijua kusoma.

Jana yenyewe nikaipeleka kwa Bwana Nassoro. Akaiangalia, akaigeuza, akaniomba kadi. Akasoma tarehe kwa sauti ya upole kabisa, ya mtu anayetoa pole msibani. "Shabani, waranti imeisha." Nikamwambia imeisha juzi tu. Akasema, "Juzi nayo ni kuisha." Akaomba niiache pasi pale kaunta aitazame, lakini akanionya nisitegemee. Nikarudi nyumbani nikatoa pasi ya mkaa ya marehemu bibi.

Pasi ya mkaa inafanya kazi, siikatai. Ila inatema cheche. Usiku sikuigusa, asubuhi nikaanza nayo kwenye shati la mteja mmoja wa Igalula, na sasa lile shati lina kitundu mfukoni. (Mteja huyo yumo humu kundini. Kaka, nitakuja kuongea na wewe.) Na pembeni, juu ya meza, imelala kanzu ya Mzee Mrisho. Ya kitambaa laini, yenye darizi shingoni, aliyoletewa na mdogo wake kutoka hija. Kanzu atakayoivaa kesho, msikitini, na baadaye nyumbani akikaa na wazee kutoa jibu langu. Cheche moja tu pale shingoni, na mimi nitakufa bila mke. Nikaifunika kwa shuka, nikazima mkaa.

Hapo nikamkumbuka mwanasheria wa redioni. Kuna kipindi asubuhi, watu wanapiga simu kuuliza haki zao. Wiki hii alizungumzia bidhaa. Alisema kadi ya waranti ni ahadi ya ziada tu; ikiisha, haiondoki na haki zote za mnunuzi. Kitu kinachouzwa kinatakiwa kifanye kazi iliyokusudiwa, tena kwa muda ambao mtu mwenye akili timamu angeutegemea, na muuzaji hawezi kujificha nyuma ya tarehe kama ubovu ulikuwemo ndani tangu mwanzo. Nilikuwa nimeziandika hoja tatu nyuma ya tikiti ya nguo. Nikazisoma hadi zikaniingia. Nikaamua: saa nne naenda kudai haki yangu, kwa adabu, bila kelele.

Kabla sijatoka, ujumbe ukaingia. Mzee Mrisho. "Kijana, kanzu yangu imefikia wapi?"

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo nilipojichimbia.

Kumwambia pasi imekufa sikuweza. Angeuliza unanyooshea nini, ningesema mkaa, na angekuja kuichukua kanzu yake mwenyewe. Nikaona nieleze tatizo bila kulitaja. Nikaandika, "Waranti imeisha." Nikaitazama. Nikafuta. Karani wa mahakama ukimwambia waranti, si atafikiri ni hati ya kukamatwa? (Mnaona nilivyo mwangalifu.) Nikaandika "garantii." Nikafuta hiyo nayo, angeniuliza nimeiokota wapi. Nikatafuta kichwani Kiswahili safi, nikakipata, na nikajipongeza. Ujumbe wenyewe huu hapa, sijapunguza kitu:

"Shikamoo mzee. Naomba radhi kwa kukucheleweshea. Muda wa dhamana yangu uliisha Jumatatu na jana mambo yakaharibika. Hivi sasa naelekea kujitetea. Nikifanikiwa nitatoka mapema, na jioni nitafika nyumbani. Naomba dua zako. Kijana wako, Shabani."

Nikatuma. Nikaizima simu sauti, mteja asije akanikatiza katikati ya hoja. Nikapanda baiskeli.

Dukani nilimsubiri Bwana Nassoro karibu saa nzima, akaja, akaanza kunywa kahawa. Akanimiminia na mimi. Wateja walikuwa watatu au wanne, na mwendesha bodaboda mmoja aliyekuja kununua balbu. Pasi yangu ilikuwa juu ya kaunta. Nikaanza.

"Bwana Nassoro, hoja ya kwanza, kadi ya waranti ni ahadi ya ziada."

"Sawa kabisa," akasema.

"Kuisha kwake hakuondoi haki yangu."

"Haki unayo, Shabani. Haki unayo tele. Waranti ndiyo huna."

Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mbishi. Mtu anayekubali kila kitu huku anakumiminia kahawa unambana vipi? Hoja ya pili ikanitoka kichwani yote. Nikaingiza mkono mfukoni kutoa ile tikiti, nikakuta nimeiacha mezani juu ya kanzu. Nikarukia ya tatu, nikaisema ya kwanza tena, yule wa bodaboda akaniambia, "Hiyo ushaisema, dobi."

Nikabadilisha njia. Nikamuuliza, "Kwa hiyo anayewajibika ni nani?"

Bwana Nassoro akaweka kikombe chini. "Sikiliza ndugu yangu. Hii dhamana sikuitoa mimi, kiliitoa kiwanda. Mimi nimeuza tu. Tungempata huyo mdhamini akaja hapa, tukakaa naye sote watatu, mimi nisingekuwa na neno."

"Mdhamini nimeshafika," ikasema sauti mlangoni.

Nikageuka. Alikuwa Mzee Mrisho. Kwa kuwa kanzu yake iko kwangu, alikuwa amevaa suti yake ya kazini ya zamani, ya kijivu, na tai. Mkononi ameshika bahasha. Nyuma yake alikuwepo Mama Mwenyekiti, mwenyekiti wetu wa mtaa, anahema, pochi yake imetuna kwa sababu ndani anabeba mhuri. Nyuma yao, nje, kulikuwa na watu kama kumi ambao walikuwa hawajui kinachoendelea ila walikuwa wamekuja kukiona.

Bwana Nassoro akasimama kwa heshima. "Shikamoo, Mzee Mrisho."

"Marahaba."

"Sikujua kama unawakilisha kiwanda."

"Kiwanda gani? Nimekuja kumdhamini huyu." Akanionyesha kwa bahasha. "Vitambulisho viwili ninavyo, barua ya serikali ya mtaa ninayo, na nyumba yangu inajulikana. Anatuhumiwa nini?"

Duka zima likanitazama. Nikasema shikamoo. Nadhani nilisema mara mbili.

"Huyu hatuhumiwi, mzee," akasema Bwana Nassoro. "Huyu ndiye mlalamikaji."

Mzee akanigeukia. "Umejilalamikia mwenyewe?"

"Hapana, mzee."

"Sasa nani kashikiliwa?"

Na mimi, kwa kuwa akili ilishaondoka, nikajibu swali kama lilivyoulizwa. "Pasi."

Yule wa bodaboda akaiweka balbu yake chini taratibu, asije akaivunja kwa kicheko.

"Pasi," akarudia Mzee Mrisho.

"Ndiyo, mzee. Ya mvuke. Dhamana yake iliisha Jumatatu, jana ikaharibika. Ile garantii. Waranti. Ile kadi ya..." Nikaona maneno yote niliyoyafuta asubuhi yananitoka mdomoni kwa foleni. "Niliogopa kuandika neno la kuokota, mzee."

Mzee akatoa simu. Akavaa miwani. Akausoma ujumbe wangu kwa sauti ileile aliyokuwa akisomea mashtaka, neno kwa neno, mpaka "naelekea kujitetea" na "nitatoka mapema." Alipofika kwenye "naomba dua zako," duka halikuwezekana tena. Mama mmoja aliyekuja kununua waya alikaa chini kabisa. Bwana Nassoro, muungwana yule, aligeuka akawa anatazama rafu ya feni, mabega yanamcheza.

Mimi nilikuwa natafuta pa kuingia. Nililiangalia tangi la pasi. Dogo.

"Nimekupigia mara saba," akasema Mzee. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hapo ndipo aibu iliponishika kweli, kwa sababu alikuwa bado ana wasiwasi usoni. "Nimemwamsha Mama Mwenyekiti, anaumwa mafua. Tumekwenda kituo cha polisi. Askari amefungua kitabu, akasema hamna mtu wa jina hilo. Nikamwambia asinifiche. Akafungua tena."

"Akatuonyesha na mahabusu," akasema Mama Mwenyekiti. "Kuna Shabani mmoja. Mwizi wa kuku. Tukamwambia siye wetu."

"Tulikuwa tunaelekea mahakamani ndipo tukaiona baiskeli yako hapo nje," Mzee akamalizia.

Nikaomba radhi. Nikaomba tena. Nikamwambia ukweli wote, na cheche, na mkaa, na kwamba kanzu yake iko salama chini ya shuka ila haijanyooshwa, na kwamba nilificha kwa sababu kesho ni kesho. Sikuona haja tena ya kubakiza kitu. Mtu aliyekwenda kukutafuta mahabusu huwezi kumdanganya kuhusu kanzu.

Mzee Mrisho akakaa kwenye kiti cha wateja. Nikajua hapo ndipo posa yangu inapofia, juu ya kiti cha plastiki.

"Hiyo pasi iko wapi?" akauliza.

Nikamsogezea. Akaishika kwa ncha za vidole, ubavu huu na ubavu huu, kama kielelezo cha kesi. Halafu akamgeukia Bwana Nassoro, na ghafla hakuwa mzee aliyehangaika asubuhi nzima, alikuwa yuko kazini.

"Bwana Nassoro. Kijana ameiangusha? Ameifungua? Maji ameweka machafu?"

"Nimeitazama jana usiku, mzee. Haina alama. Ni kile kipande cha ndani cha kuchemshia. Kimejikatikia chenyewe."

"Mwenyewe umewahi kuona kinakatika kwa mwaka mmoja?"

Bwana Nassoro akajikuna shavu. "Kwa kweli si kawaida."

"Sasa nataka unikumbushe. Siku unamuuzia, achana na kadi, wewe kwa mdomo wako ulimwambia nini?"

Hapa nampa heshima yake Bwana Nassoro, angeweza kusema hakumbuki. Akacheka. "Nilimwambia chukua hii, utawarithisha wajukuu."

"Umesikia, Mama Mwenyekiti?"

"Nimesikia."

"Basi kiwanda kimetoa mwaka mmoja. Wewe umetoa hadi wajukuu. Mtu ananunua kwa kuamini maneno ya aliye mbele yake, kiwanda hajawahi kukiona. Huyu ni dobi, ulijua ni dobi, ukamuuzia kitu cha kazi kwa maneno ya kazi. Hukupaswa kumwambia maneno yale kama huwezi kuyasimamia."

Watu wakaguna kukubali. Mimi nikaguna pia, nikakumbuka mimi ni mhusika, nikaacha. Ile ilikuwa hoja ya pili, jamani. Ile iliyonitoka. Ila hata ningeikumbuka nisingeisema hivyo.

Bwana Nassoro hakutaka kushindwa hivi hivi mbele ya wateja wake. Akainua mikono, akatabasamu, akasema, "Mzee, nimekubali, maneno ni yangu. Lakini nihurumie. Nimeahidi wajukuu, na huyu Shabani hata mke hana. Hao wajukuu watanidai lini?"

Wakacheka wote. Ulikuwa utani wa kawaida, siku nyingine ningecheka wa kwanza. Lakini leo aliyekaa kwenye kiti ni baba yake Zuhura, jibu ni kesho, na mimi nimetoka kumfanya azunguke mahabusu kutafuta mtu aliyekuwa anakunywa kahawa. Nikatazama viatu vyangu. Kamba moja ilikuwa imefunguka. Nikaitazama hiyo.

Mzee Mrisho hakucheka. Akamnyooshea Mama Mwenyekiti bahasha. "Msomee."

"Yote?"

"Anzia kwenye mstari wa uhusiano."

Mama Mwenyekiti akapenga mafua kwanza. Akafungua barua, akaisogeza mbali na macho, akasoma: "'...anakwenda kumdhamini mtuhumiwa, Ndugu Shabani, mkazi wa mtaa huu. Uhusiano wa mdhamini na mtuhumiwa: mkwe wake.'" Akaikunja. "Na mhuri nimegonga."

Bwana Nassoro alinitazama, akamtazama Mzee, akaishusha mikono.

"Nilikuwa na haraka," akasema Mzee Mrisho, anairekebisha tai ambayo haikuwa na kasoro. "Kuna pengo la kujaza. Nikaulizwa ni nani wako, sikuona neno jingine." Halafu akaniangalia juu ya miwani. "Wazee watakaa kesho kama ilivyopangwa. Jibu halijatoka. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Na ukitaka kuniandikia tena, andika 'pasi.'"

Bwana Nassoro alitoa kipande kipya kwenye pasi ya maonyesho, akakifunga mwenyewe palepale, hakuniuliza chochote. Kabla ya adhuhuri pasi ilikuwa inatoa mvuke. Nilipotoka, wale watu kumi wa nje walinipigia makofi. Yule wa bodaboda ameshanipa jina, sitaliandika.

Nimefika nyumbani nikawasha simu sauti. Zile saba za Mzee nimeziona, na ujumbe mmoja wa Zuhura, wa dakika chache tu zilizopita. Ameandika hivi: "Mtuhumiwa wangu, umeshatoka?"

Kwa hiyo habari imeshafika, na jibu kesho litatolewa kwa watu ambao wote wanalijua. Chekeni basi, ila mchekee huko huko kwenu. Mimi nina kanzu ya baba mkwe ya kunyoosha, na pasi imeshaanza kutoa mvuke.